Mstari Mmoja kwa Kila Kijiji

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Baraka, katika Kongo ya Wabelgiji, Bwana Ajenti wa teritware, ofisa Mbelgiji wa wilaya ile, alinipa meza, chupa ya wino na onyo: "Karani, hapa mwandiko mbaya unarudiwa." Mwandiko wangu ulikuwa mzuri, nikadhani hiyo ndiyo kazi yote.

Baadaye tulihamishiwa Fizi, yeye na mimi, wakati Wabelgiji walipokuwa wakiunganisha vijiji kuwa sekta, yaani eneo moja lenye mkuu mmoja. Chini ya mkuu huyo, kila kijiji kilitakiwa kiwe na kapita, mtu wa kupokea amri na kuzitekeleza. Ninyi mnaoanza kazi za ofisi, nisomeni polepole hapa, maana ndipo nilipokosea.

Tulifika kijiji kimoja cha Wabembe, tukakaribishwa katika lubunga, nyumba ya wanaume ambamo mambo ya kijiji huamuliwa. Asukulu, mtu mwenye sauti nzuri, ndiye aliyezungumza nasi. Nyuma yake mzee Lukele alikaa kimya. Mimi ni mtu wa Swima, Mbembe kama wao. Nilijua kwamba kwetu anayezungumza ametumwa tu. Mwenye neno ni yule aliyenyamaza, naye hatoi neno mpaka awasikie wazee wa kila ukoo.

"Nani mkubwa hapa?" Bwana Ajenti akauliza, akitazama saa.

"Bwana, wanaamua pamoja..."

"Karatasi ina mstari mmoja. Andika huyu anayesema."

Nikaandika Asukulu. Mzee Lukele akanitazama.

"Mutoto ya Swima, ata we?"

"Baba, ni karatasi tu."

Haikuwa karatasi tu. Koo mbili zilipogombania shamba la mihogo, Asukulu aliamua peke yake, kama amri ilivyotaka. Walioshindwa wakabomoa nyumba zao, wakahama. Asukulu akaja ofisini Fizi, kofia ya ukapita mkononi.

"Karani, ulinipa kofia, lakini masikio ya bantu iko kwa baba Lukele. Futa jina yangu."

"Mwombe yeye akusaidie."

"Haingie tena mu lubunga. Anasema, bamekwisha kuandika, mi nitasema nini?"

Nilipeleka ombi lake kwa Bwana Ajenti. Hakuinua macho. "Orodha imekwisha kwenda Bukavu, kwa wakubwa wa jimbo."

Sasa nimestaafu. Mageuzi yale hayakuwa mabaya yote. Barabara na zahanati zilihitaji mtu wa kuulizwa. Lakini ninyi mtakaopewa karatasi kama ile, msiogope kuichafua. Yangu naiona hata leo: mstari mmoja, na pembeni nafasi nyeupe iliyotosha majina ya wazee wote. Wino nilikuwa nao.