Moto Niliouzima Ukweni

Ninafundisha kemia mjini Shinyanga. Juzi jioni nilikwenda Didia kujitambulisha kwa wazazi wa mchumba wangu, nikakuta moshi mzito unafuka mlangoni mwa zizi. Kila siku nawaambia wanafunzi kwamba moshi mzito ni dalili ya moto mdogo uliokosa hewa. Mwalimu mwenyewe nikasahau. Nikanyakua ndoo ya maji, nikaimwaga yote huku nikipiga yowe, "Ng'ombe wanaungua!"

Wazee wakatokea na vigoda vyao. Baba wa mchumba wangu akayatazama mavi makavu ya ng'ombe yaliyokuwa yakiwaka, sasa yamelowa.

"Mwalimu, huu ndio moto wetu wa mazungumzo. Leo tuliuwasha tukupokee wewe."

Nikatamani ardhi inimeze. Yeye akaangua kicheko.

"Haya, mkwe, uwashe tena."

Nikapuliza mpaka machozi yakanitoka. Ameniita mkwe!