Diski Niliyoigawa kwa Haki

Mimi hakuna kitu kinachoweza kunishangaza tena. Nimeuza vitunguu soko la Gakoromone nikiwa sina hata gunia la kukalia. Nimejenga hosteli ya vyumba kumi na vinne pale Nchiru, karibu na chuo kikuu, bila ramani, nikipima kwa hatua zangu mwenyewe, na haijapata ufa. Nyumba yangu ya Majimbo, kule Embu, watu husimama kutazama geti peke yake. Shule niliacha darasa la saba. Kwa hivyo kompyuta zilipokuja sikuziogopa: nilifungua saiba, duka la intaneti, chini ya hosteli, mashine kumi na mbili, na wanafunzi wakajaa.

Shida ni kwamba mashine huzeeka kama ng'ombe. Mwaka huu zilikuwa zinachukua nusu saa kuamka. Fundi wa mjini akaniambia nizitupe, ninunue nyingine. Mpangaji wangu wa chumba cha tisa, msichana wa mwaka wa tatu anayesomea mambo hayo hayo ya kompyuta, akasikia akacheka.

"Mzee, usitupe kitu. Weka Linux. Zitakimbia kama zimeiba kuku."

Akanionyesha yake, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta. Nilipenda kila kitu, mpaka aliponieleza jinsi ya kuiweka. Skrini nyeusi tii. Hakuna picha, hakuna kitufe cha kubofya. Unaandika amri moja moja kama mtu anayeandikia serikali barua. Linux nyingine, alisema, zina vitufe, unabofya endelea, endelea, hadi mwisho. Yake ni ya wajuzi, haina, na wengi wanaoitumia hawataki iwe navyo.

"Hicho ni kiburi," nikamwambia. "Mtu akijenga duka bila mlango, huyo hataki wateja."

"Mlango uko, mzee. Ni vile unataka kubebwa mgongoni."

Kubebwa mgongoni, mimi! Saiba nzima ikapiga meza kwa kicheko.

"Mwari," nikasema, maana hivyo ndivyo tunavyowaita mabinti huku Meru, "mimi hubofya kwa sababu nina haraka, si kwa sababu siwezi."

"Basi weza."

Tukawekeana dau hapo hapo. Jumamosi, kutoka asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, nikae peke yangu na ile ngumu. Nikifika mahali pa kufungua ukurasa wa intaneti, yeye ataniwekea Linux kwenye mashine zote bure, na atakiri mbele ya wapangaji kwamba vitufe ni haki ya kila mtu. Nikishindwa, nikiri mimi kwamba nimeshindwa, na nitoe faini watakayoamua wao. Sasa, mimi sijawahi kukiri kitu mbele ya watu. Hata kanisani huwa nakiri kimoyomoyo.

Jumamosi nilikuwa kitini saa moja na nusu, nimevaa koti. Nilikuwa nimechapisha maelekezo, kurasa kumi na tisa za Kiingereza, na Kiingereza changu ni cha kununua mbegu na kusoma risiti. Lakini niwaambie ukweli: ile skrini nyeusi ilinipenda. Naandika neno, nabonyeza, inajibu! Naandika lingine, inajibu tena! Hakuna karani katikati, hakuna njoo kesho. Mke wangu akapiga simu kutoka Majimbo.

"Umekula?"

"Naongea na mashine."

"Si ungeita tu fundi?"

"Fundi ni mimi!" nikamwambia, na nikakata simu kwa furaha.

Nikafika mahali pa kugawa diski. Ilikuwa ndogo, gigabaiti thelathini na mbili, nami nilitakiwa kuikata vipande vinne: cha kuwashia mashine, cha kupumzishia kumbukumbu, cha mfumo wenyewe na programu zake, na cha faili za mtu. Hapo sikuhitaji karatasi. Huku kwetu shamba hukatwa refu, kutoka barabarani juu hadi mtoni chini, kila mwana apate udongo na maji. Baba yangu hakufanya hivyo. Ndugu zangu walipata mteremko mzuri, mimi nikapewa mawe ya mtoni. Ndiyo maana watoto wangu wanne nimewakatia sawasawa, binti pia, na hakuna aliyenung'unika. Karatasi zilisema kipande cha kuwashia kipewe angalau gigabaiti moja. Angalau! Mimi si mtu wa angalau. Nikatoa nane, nane, nane, nane.

Mchana ukaenda vizuri. Amri zikapita, majina ya programu yakashuka skrini kama mvua ya Aprili, na mimi nikaanza kutembea huku na huku nikiwaambia wateja watazame. Saa kumi na moja kasoro dakika tano, mvua ikakatika. Mashine ikaandika kwamba nafasi haitoshi.

Haitoshi vipi, na diski karibu yote iko tupu?

Yule msichana akaja, akatazama, akaziba mdomo kwa mkono.

"Sikusaidii, mzee. Nakuuliza tu. Pale hosteli, mlinzi wa geti umempa chumba gani?"

"Kibanda. Anahitaji nini zaidi?"

"Na familia ya watu kumi ungeiweka kwenye kibanda?"

Nikaangalia vile vipande vinne. Eh! Mlinzi nilimpa sawa na familia. Mfumo wenye mizigo yote umebanwa kwenye nane, na jirani yake wa kuwashia amelalia nane bila kazi.

"Unaona!" nikapiga kelele. "Vitufe vingeigawa vyenyewe!"

"Vingeigawa. Na wewe ungejua nini?"

Nikafuta yote. Mlinzi moja, mapumziko mbili, faili saba, na mfumo ukachukua zote zilizobaki. Mara hii sikufungua karatasi, vidole vilijua njia. Wanafunzi wakasimama nyuma yangu wakihesabu dakika kama wako uwanjani. "Songa, mzee! Songa!" Jasho, koti chini, mvua ya maneno ikashuka tena, mashine ikazima, ikawaka, na ukurasa wa intaneti ukafunguka mweupe mbele ya macho yangu. Nikaruka! Mtu wa miaka hamsini na mbili, nikaruka.

Saa ya ukutani: saa kumi na mbili na dakika kumi na moja.

Nikakiri. Nilisema wazi kwamba nimechelewa dakika kumi na moja. Nikasema pia kwamba bado nataka vitufe viwekwe, kwa ajili ya mama mwenye duka asiye na Jumamosi nzima ya kupoteza, lakini mlango mweusi usifungwe, maana mimi nimepitia hapo na sikubebwa. Msichana akapiga makofi kuliko wote, kisha akawauliza wapangaji faini ni nini. Huku kwetu kosa la mtu mzima halilipwi kwa pole, hulipwa kwa kitu chenye miguu minne. Wakasema mbuzi, na wakasema na soda. Mbuzi, makaa, chumvi, viazi na soda za vyumba kumi na vinne, nililipa mimi mwenyewe, bila kuomba kupunguziwa: shilingi elfu kumi na mbili, mia nne na sabini.