Kufuli la Namba Siku ya Posa ya Koku

Nakumbuka siku walipokuja kumposa dada yangu Koku, mwanangu, na nakusimulia habari hii kwa sababu nimeona umenunua kufuli la namba la tranka lako la bweni, na unaligeuzia ukutani hata mimi babu yako nisione ukilifungua. Sawa, lifiche. Lakini kaa kwanza unisikilize, chai yenyewe bado ya moto.

Wakati huo nilikuwa kijana, nafanya kazi ya dagaa kisiwani Goziba. Kambini watu wanatoka kila upande, leo mnalala chumba kimoja, kesho mwenzako amehama na mtumbwi mwingine. Kule unafunga kila kitu, nguo, sufuria, mpaka sabuni. Mimi nilikuwa na kufuli la namba nililolinunua Bukoba mjini, pale Miembeni, na nilikuwa na mtindo wangu: mtu akisimama nyuma yangu wakati nafungua, namba naibadilisha palepale. Wenzangu walinicheka sana. Lakini sabuni yangu haikuwahi kupotea, na nilijiona mjanja.

Niliporudi nyumbani Muleba kwa ajili ya posa, nikaja na kufuli langu. Nilikuwa nimemletea mama vikombe vipya, tukaviweka kwenye kabati aliloliacha babu yangu, pamoja na kile kikapu kidogo cha akamwani, yaani kahawa ya kutafuna tunayompa mgeni. Nikalitia kabati kufuli. Asubuhi ya siku yenyewe nikalifungua kuangalia kama vikombe ni vizima, na mama mmoja jirani, aliyekuja kutusaidia kumenya ndizi, akasimama nyuma yangu kuvishangaa. Mkono ukafanya ulichozoea. Nikabadilisha namba, nikafunga, nikaenda kubeba mabenchi.

Wageni wakafika, wakakaa, wakasalimiana na baba kwa heshima zote. Kisha baba akaita kutoka sebuleni kwa sauti yake ya sikukuu, "Muta, lete akamwani, wageni wetu watafune."

Nikaingia chumba cha ndani, nikapanga namba. Kufuli halikufunguka. Nikapanga nyingine, na nyingine. Mwanangu, namba ya asubuhi ilikuwa imefutika kichwani, kama vile sikuipanga mimi.

Wewe umezaliwa hapa mjini, Rwamishenye, pengine unasema moyoni, kahawa tu hiyo. Kwetu mgeni asiyepewa kahawa hajapokelewa, na mshenga aliyekuja kuomba mke akinyimwa anaaga kwa adabu na kuondoka, hana haja ya kuambiwa hapana. Kuazima kwa jirani maana yake nipite mbele ya wageni mikono mitupu nirudi na kahawa ya watu. Kuvunja kabati maana yake nigonge nyundo ndani ya nyumba wakati watu wanaomba binti. Na Koku alikuwa anampenda yule kijana. Nilijua, maana alikuwa anapenyeza jina lake hata tukiongea habari za mbolea.

Aliyekuja kuangalia nimekwama wapi ni shangazi Kemi, dada mkubwa wa baba. Akanitazama usoni, akatazama kufuli, akarudishia mlango.

"Umesahau?"

"Nimesahau, shangazi."

"Haya. Huko kisiwani mtu akisahau mnafanyaje?"

Nikamweleza. Kufuli la aina ile, ukivuta kile chuma cha juu kwa nguvu huku unazungusha namba polepole, kuna kigurudumu kitakachokuwa kigumu kuliko wenzake, na kikifika kwenye namba yake unakisikia kinaingia. Unakiacha hapo, unatafuta kingine. Nilishaona watu wakifanya hivyo kambini, na si wote waliokuwa wamesahau. Lakini kuvuta kwa nguvu huku unazungusha polepole ni kazi ya watu wawili.

"Mimi nitavuta," akasema. "Wewe zungusha."

Akakishika kile chuma kwa vidole vilivyopalilia migomba maisha yake yote, akavuta mpaka mlango wa kabati ukalia. Huku tunamsikia baba sebuleni, mtu niliyemjua kwa kutopenda maneno mengi, akiwauliza wageni habari za mvua, kisha habari za migomba, kisha habari za ng'ombe wa ukoo wao mmoja mmoja. Mlango ukafunguka kidogo, Koku akachungulia, amependeza, midomo inamcheza.

"Kaka, baba ameishiwa. Sasa anauliza habari za kuku."

"Rudi ukakae," shangazi akamwambia bila kugeuka. "Utaolewa."

Kigurudumu cha mwisho kikaingia, kufuli likaachia. Nikafuta jasho, nikapeleka kikapu. Mshenga akachukua kahawa, akatia mdomoni, akasema, "Kasinge waitu." Sijawahi kusikia asante tamu kama ile. Baba alinitazama mara moja tu, na ilinitosha.

Posa ikakubaliwa. Wageni walipoondoka, shangazi akaniita jikoni.

"Kule kisiwani ulikuwa unamfungia nani?"

"Wezi, shangazi."

"Na humu ndani?"

Nikainama kuokota maganda ya ndizi.

"Sikukatazi kufunga," akasema. "Lakini leo nyumba imejaa ndugu zako, wote wanakupenda, na hakuna aliyeweza kukusaidia, kwa sababu hukumwachia mtu hata mmoja namba yako. Umekaa kati yetu kama uko peke yako. Hilo ndilo lililoniuma."

Akanitaka nipange namba mpya mbele yake, mama na Koku wakiwepo. Kufuli likiwa wazi, unageuza kile chuma cha juu, unakikandamiza chini, unapanga namba unayoitaka, unakirudisha mahali pake. Kisha unalijaribu mkononi kabla ya kulifungia popote. Koku ndiye aliyechagua namba, na wote wakaijua.

Sasa sikiliza ninachokuusia. Usibadilishe namba kwa haraka, wala kwa sababu mtu amekutazama. Funga vitu vyako, bweni lina watu wa kila aina. Lakini chagua mtu mmoja wa kwenu anayekupenda, umwachie namba, na usiishie kwenye kufuli. Mwambie na yanayokusumbua, hofu yako, hata aibu yako, ukiwa bado una maneno ya kuyaeleza.

Shangazi Kemi alipozeeka alisahau majina yetu sote, mimi akawa ananiita kwa jina la baba. Lakini tulijua wimbo gani wa kanisani unamtuliza, tulijua anaogopa giza, tulijua anataka alazwe upande gani, kwa sababu miaka yote alikuwa ametuambia. Alisahau kila kitu, na hakukosa kitu.

Nenda shule, mwanangu. Mungu akutangulie njiani, akupe marafiki wema, akurudishe kwetu ukiwa mzima na mwenye furaha. Na namba yako mwachie mama yako, usinipe mimi, mimi nimeshaanza kusahau.