Pipa Safi la Mwanatatu

Pipa la samawati lilikaa kando ya lango la nyumba ya kupanga huko Mtongwe, na kila asubuhi, akishamaliza kukaanga mahamri, Mwanatatu alilifuta kwa kitambaa. Hakuna aliyemtuma. Mwaka juzi chupa za plastiki ziliziba mtaro wa nyuma, masika yakaja, na maji machafu yakaingia chumbani alimolala mamake, asiyeweza kuinuka. Bibi kizee yule alilala ndani ya maji yale hadi majirani walipofika. Mwanatatu akaapa kwamba chupa haitafika mtaroni tena. Akaenda mwenyewe kwenye bohari moja inayokusanya plastiki ya kuuza, akaomba pipa, akapewa kwa sharti moja: liingie vitu vikavu na visafi tu. Chupa zisuuzwe, katoni zisilowe. Taka za jikoni na pampasi zina pipa lao, lile jeusi lisilo na kifuniko.

Alizunguka vyumba vyote kumi na viwili akieleza. Kumi na kimoja, tuseme kweli. Cha Bi Mishi alikipita. Bi Mishi ndiye aliyemfundisha kukaanga mahamri, ndiye anayemgeuza mamake kitandani Mwanatatu akiwa sokoni; mtu mzima kama huyo humfundishi kutupa taka. Ndivyo tulivyolelewa, na woga wa namna hii tunauhesabu kuwa heshima.

Mara mbili Oduor, dereva wa tuktuk ya bohari, alikuta wali uliochacha chini ya chupa. Mara ya kwanza alinyamaza. Ya pili alimwambia Mwanatatu kwamba gunia moja chafu linafanya mzigo mzima ukataliwe na wanunuzi, na kwamba ikitokea tena atakuja kuchukua pipa, si chupa. Mwanatatu alimshuku Velma, mpangaji wa chumba cha mwisho, akamsema mbele ya watu. Velma akajibu kwamba yeye wali huupika siku ya mshahara, na siku hiyo habakishi hata ukoko. Watu wakacheka. Tangu hapo Velma chupa zake akazirusha mtaroni, makusudi.

Kisha Ijumaa moja pakasomwa hitima ya marehemu mume wa Bi Mishi. Baada ya siku mbili Oduor alikuja, akafunua pipa, akalifunika tena.

"Njoo utazame mwenyewe, mama."

Pilau. Mafuta yalikuwa yameshuka hadi katoni ya chini kabisa. Juu yake lilitandazwa gazeti, likachomekwa pembeni kama shuka ya mtoto.

Mwanatatu alikwenda mlangoni kwa Bi Mishi, akamwamkia, akamuuliza.

"Marahaba, mwanangu. Ni mimi," Bi Mishi alisema bila wasiwasi. "Ilikuwa imeshachacha. Zamani ningewamwagia kuku, sasa uwanja wote saruji. Riziki ya Mungu, tena ya hitima, nikaitie pamoja na pampasi? Pipa lako ndilo safi hapa. Hata ule wali wa siku zile niliutia humo humo."



"Haidhuru, mama," Mwanatatu akasema.

Ilidhuru. Oduor alimngoja Mwanatatu alisugue pipa kwa sabuni, maana mwenyewe hakukubali lirudi chafu, kisha akalipakia. Hakumtukana. Alisema tu kwamba amri si yake.

Kesho yake chupa zilianza kurundikana pale pale pipa liliposimama, kwa mazoea. Mwezi haukwisha, zote zikawa zimebingiria mtaroni. Velma hakuombwa radhi. Bi Mishi hakuambiwa neno. Hadi leo anaamini watu wa bohari walilitamani pipa lililotunzwa, wakalichukua.

Masika yalipoanza, Mwanatatu aliunganisha meza mbili, akapandisha juu godoro la mamake. Bi Mishi alikuja na fagio lake, akasaidia kusukuma maji nje, huku akiwalaani watu wasiojua kutupa taka.

"Kweli, mama," Mwanatatu aliitikia, na maji yakazidi kuingia.