Mkaguzi wa Majibu

Kazi yangu kiwandani ilikuwa kutafuta makosa. Kitambaa kilipita mbele yangu juu ya meza yenye taa, nami natafuta uzi uliokatika, doa la mafuta, ua lililochapwa nje ya mstari. Nikiona kasoro naitia chaki, na jora halitoki. Nilifanya hivyo miaka kumi na mmoja, na nilijivuna nayo sana. Kisha mitumba ikamwagika Mwanza nzima, watu wakaacha kununua vitenge vyetu, na asubuhi moja tukasomewa majina getini. Nilirudi nyumbani Mabatini na barua ya kupunguzwa kazi na hasira ambayo sikuwa na mtu wa kumtupia.

Mwaka huohuo binti yangu, mtoto wangu wa pekee, alifutwa shule. Alikuwa kidato cha pili, na ana ugonjwa wa seli mundu. Wiki mbili yuko darasani, wiki tatu yuko kitandani, mifupa inambana mpaka anang'ata shuka. Mkuu wa shule alinieleza kwa upole kwamba nafasi ni chache na wanaozitaka ni wengi. Nilimjibu maneno ambayo sitayaandika hapa. Hayakusaidia kitu.

Aliyetuonyesha njia ni jirani yetu mwenye duka la vipuri vya baiskeli, mzee wa Kihindi aliyezaliwa hapahapa mjini na anayeongea Kisukuma kuliko mimi niliyetoka Mara. Alinikunjulia gazeti lenye tangazo la masomo ya sekondari kwa njia ya posta.

"Mama, shule hii haina kengele," aliniambia. "Mtoto akipata nafuu, anasoma. Akiumwa, kitabu kinamsubiri."

Sanduku la posta hatukuwa nalo, akatuambia tutumie lake, kama alivyokwisha kuiambia nusu ya mtaa.

Vijitabu vikaanza kuja. Kila kimoja kilikuwa na zoezi mwishoni. Unalituma Dar es Salaam, mwalimu usiyemjua sura analisahihisha, likirudi ndipo unaletewa kijitabu kingine. Hakuna aliyeuliza umechukua siku ngapi. Binti yangu alisomea kitandani, barazani, hata kwenye foleni ya hospitali. Uso wake ukarudi kuwa uso wa mtoto. Nilifurahi mpaka nikaogopa.

Sasa nieleze nilichofanya. Kama wanafunzi wote wa wakati ule, alifanya hesabu kwanza kwenye daftari la rafu, ndipo ananakili kwa mwandiko mzuri kwenye karatasi safi. Katikati hapo nikajiweka mimi. "Lete nione," namwambia. Nilimaliza kidato cha nne na hesabu sikuwa mbaya. Naona alama ya kutoa imepotea, naiweka. Naona jibu limepinda, nalinyoosha. Wala sikuona kwamba ni udanganyifu. Kwangu mimi mzigo hautoki na kasoro, basi. Yeye ananakili, tunatuma, na karatasi zinarudi zimejaa vema. Nilimwonyesha mzee wa dukani, nikawaonyesha wateja wake, nikamwonyesha hata muuza dagaa ambaye hakuniuliza.

Haukupita muda mrefu mwalimu akaandika kwamba mwanafunzi huyu ameiva. Akamrusha vijitabu vitatu, na kumshauri ajiandikishe mwakani kwa mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Nilipiga vigelegele. Binti yangu alikifungua kijitabu kipya, akakifunga.

"Mama, hiki kipya sikielewi," alisema siku chache baadaye.

"Utaelewa. Mbona vile vingine umepata vyote?"

Akarudi kwenye kitabu.

Ikatokea msiba wa shangazi yangu, nikapanda kivuko cha Kigongo kwenda Busisi, ng'ambo ya ziwa, nikakaa huko siku nne. Niliporudi hakunieleza lolote. Wiki kadhaa baadaye nikapita dukani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Leo barua yenu imenenepa."

Niliifungua palepale kaunta. Ndani mlikuwa na kurasa za rafu, zimechanwa kwenye daftari, na mikato yake yote na madoa ya chai. Wino mwekundu umetapakaa kila mahali. Thelathini na moja kwa mia. Nilitoka dukani bila hata kuaga.

Nilimkuta barazani, miguu ameifunika kitenge.

"Nani amekuruhusu kutuma rafu?"

"Nimejiruhusu mwenyewe."

"Thelathini na moja! Unataka mwalimu akuone mjinga?"

"Nataka anione mimi. Siku zote alikuwa anakusahihisha wewe, Mama. Na siku ya mtihani wewe utabaki nje ya geti."

Nikajifanya nasoma barua. Chini ya ukurasa wa mwisho mwalimu alikuwa ameandika: "Binti, karibu. Kazi zako za nyuma hazikuniachia cha kukufundisha. Hii imeniachia. Rudi kijitabu cha nne, twende taratibu. Mtihani upo kila mwaka."

Hapo nililia. Daktari mmoja aliwahi kunitahadharisha kwamba watoto wa namna hii wengi hawafiki mbali, na tangu siku hiyo nilikuwa nakimbizana na kifo. Nilitaka cheti kitangulie. Sikumwambia kamwe, lakini nadhani alijua. Yule daktari alikosea: binti yangu sasa ni mtu mzima, amesoma maandishi haya na kuyatia kalamu nyekundu mahali pawili.

Zoezi la kijitabu cha nne alilimaliza baada ya mwezi na nusu, kwa sababu katikati aliugua. Siku ya kulituma mguu ulikuwa umevimba, akanipa bahasha ikiwa wazi niipeleke. Nilipofika kaunta mkono wangu ukazitoa karatasi wenyewe, kwa mazoea. Swali la tatu, mstari wa pili, alama ya kutoa haipo. Kalamu ya mzee ilikuwa mezani, karibu na kidole changu.

Nilizirudisha karatasi ndani, nikalamba gundi, nikafunga.