Damu ya Mzee kwenye Vioo Viwili

Chumba cha mjukuu wangu hapa Bigwa kina dirisha moja tu, nalo linatazama mlima. Mlima wenyewe siuoni. Pazia halifunguliwi. Mwanga wa nje, anasema, unadanganya rangi.

Niliteremshwa huku kutoka kwangu mlimani kwa ajili ya mguu. Mguu ulishapona; kilichonifunga ni macho. Mjukuu wangu huchora vitambaa vya sare za harusi kwenye kompyuta. Ana vioo viwili vya mtumba, na picha ileile moja kila kioo kinaitoa kivyake. Kazi iliyopita aliamini kioo kimoja, kitambaa kikatoka kiwandani rangi siyo, mwenye harusi akakikataa. Mjukuu wangu alilia siku mbili. Ndipo nilipowekewa kiti.

Shule niliishia darasa la pili. Lakini nimetia rangi ukindu wa mikeka maisha yangu yote, na hakuna jina la rangi lililonitoka: samli, hudhurungi, urujuani, kijani cha jani la mgomba. Wao wakisema nyekundu wamemaliza.

"Shikamoo, mke mwenza. Kaa hapa. Kushoto kukoje?"

"Marahaba. Kumepauka. Ongeza."

"Hapo?"

"Umezidisha, hiyo sasa zambarau. Bibi harusi ametaka damu ya mzee."

"Damu ya mzee ndiyo ipi, bibi?"

"Nijichanje uione?"

Akacheka. Mimi sikucheka sana. Kila siku hivyo, tangu chai mpaka alasiri, giza la pazia na vioo viwili vinanitolea macho. Kule juu nyumba yangu haijawashwa moto miezi minne, na mchwa hawanisubiri mimi. Nilikuwa naogopa kufia kwenye kile kiti. Nikimwambia, ananijibu, "Vikilingana tu, bibi, Ijumaa nakupandisha."

Alhamisi asubuhi nikasema vimelingana.

Havikulingana. Kushoto kulibaki weusi kidogo, kama ukindu uliosahaulika chunguni. Yeye hakuuona. Alinikumbatia, akampigia dereva palepale aje Ijumaa. Nikafunga vitu vyangu kwenye khanga, nikaviweka mlangoni, nikakaa juu ya kitanda nikimsubiri huyo dereva kama mtoto anayesubiri sikukuu.

Baada ya adhuhuri akakaa kwenye kompyuta. "Natuma kiwandani, bibi. Ikishaenda hairudi."

Kidole kilikuwa kimeshainuka. Nikakumbuka vile alivyolia zile siku mbili.

"Usitume."

"Kuna nini tena?"

"Kushoto kuna weusi."

Akageuka. "Tangu lini?"

"Tangu asubuhi."

Akalitazama furushi langu pale mlangoni, akanitazama mimi. "Yaani ungeniacha niharibikiwe, ili wewe uende zako?"

"Nilitaka kulala kwangu, mwanangu."

Alichukua simu, akamwambia dereva asije kesho. Dereva akamuuliza, basi lini. Nilitega sikio. "Nitakwambia," akasema, akakata.

Nikainuka kitandani, nikarudi mwenyewe kwenye kiti changu, hakuna aliyeniita.

"Punguza weusi."

"Hapo?"

"Bado."