Breki za Melkiadi

Zamani fundi wa breki alimpakia mkewe garini na kuteremka naye mlima kabla ya kumkabidhi mwenye gari ufunguo, siku hizi fundi anapokea hela, anapiga bodi kofi na kukuambia, "Nenda mzee, iko poa."

Nami nimekwenda, mara nyingi, juu ya bodaboda ambazo dereva anazisimamisha kwa kuburuza kandambili. Nikimuuliza breki ziko wapi, anacheka na kuongeza sauti ya redio. Naandika habari za Melkiadi si kwa kutegemea kwamba watu hawa watajifunza kitu. Naandika kwa sababu waliokuwapo wamekufa, na waliobaki wanasimulia uongo.

Melkiadi alikuwa Muha wa Heru Juu, mfupi, mwenye mikono mipana na maneno machache. Ufundi aliupata katika karakana ya misheni, kisha akafungua banda lake Kasulu, nyuma ya soko. Alipokea kazi za breki tu. Ukimpelekea injini, alikuelekeza kwa mwingine. "Gari lisilowaka halijaua mtu," alisema. Kiingereza hakujua. Mimi nilikuwa karani wa ghala la jirani; shule niliiachia darasa la nne, mengine nikajifundisha kwa kamusi, na jioni nilimsomea vitabu vya ufundi vya Kiingereza, nikimtafsiria sentensi kwa sentensi. Alisikiliza amefumba macho, kisha akasema, "Rudia hapo pa moto."

Mkewe aliitwa Maximilla, lakini wote tulimwita Mama Sylvesta. Kazi ilipokwisha alivaa kitenge safi, akakaa kiti cha mbele na bakuli la maziwa mapajani. Melkiadi alipanda naye hadi Heru Juu, akageuza, akateremka kwa kasi, na kila kona akakanyaga breki. Maziwa yakimwagikia mbele, sawa. Yakimwagikia upande, breki zinavuta upande, na gari linarudi bandani.

"Fundi akiogopa kumpakia mkewe," alisema, "ampakie mke wa nani?"

Mama Sylvesta aliijua kazi kuliko hawa wa leo wenye vyeti ukutani. "Kushoto kunachelewa," alimwambia mumewe huku akipangusa kitenge, na ukifungua ulikuta kweli kushoto kunachelewa.

Mwaka 1973 akaja Hamis.

Hamis alikuwa mtoto wa duka la vitambaa. Alinunua gari jekundu la milango miwili, gari la mbio hasa, kwa mkandarasi Mzungu aliyekuwa anafunga mizigo Kigoma arudi kwao. Kasulu ilikuwa na barabara moja ya maana, na Hamis aliipita mara ishirini kwa siku, mkono nje ya dirisha, kana kwamba kuku wa pale walikuwa hawajamwona vya kutosha. Ikasikika kwamba siku ya Sabasaba walimu na wafanyabiashara wataandaa mashindano: kushuka kutoka Heru Juu hadi mjini, gari mojamoja, mtu ameshika saa. Hamis akalileta gari bandani. Alitaka breki za mashindano, na hizohizo zimpeleke sokoni bila kupiga kelele.

"Chagua," Melkiadi alimwambia. "Pedi ngumu za mbio hazishiki mpaka zipate moto. Asubuhi ukienda msikitini utamgonga mtu."

"Nifungie zote mbili, fundi."

"Bwana Hamis, hapa hatukaangi maandazi."

Hata hivyo alifanya. Alipanda lori hadi Kibondo, akakaa siku mbili porini akifungua nati zilizoshika kutu kwenye gari lililopinduka, akarudi na diski mbili na kalipa zake, vile vyuma vinavyozibana, ndani ya gunia. Akang'oa dramu za mbele, akafunga diski, akazitilia pedi za wastani. Nyuma aliacha dramu, ila akazipunguzia nguvu kwa silinda ndogo zaidi, kwa sababu matairi ya nyuma yakijifunga kwanza, gari linageuka linakotoka. Ukurasa huo nilimsomea mara tisa. Alikata madebe akatengeneza mifereji ya kupeleka upepo kwenye diski, zipoe mlimani. Paipu za mpira zote alibadilisha. Mwisho wakatoa hewa ndani ya paipu, Mama Sylvesta akikanyaga pedali, yeye yuko chini, na kopo moja la mafuta ya breki, ambalo ndilo pekee tulilolipata wilaya nzima. Kifuniko cha kikombe cha mafuta akakifunga kwa waya.

"Usifungue. Yakipungua, niletee mimi."

"Ndiyo, mwalimu," Hamis alisema, akiwakonyeza wenzake.

Siku ya kulijaribu, maziwa yote yalimwagikia mbele. Mama Sylvesta alishuka akicheka, kitenge chapachapa. "Hili linasimama kama ng'ombe aliyeona nyoka," alisema.

Sasa sikilizeni upumbavu. Wiki moja kabla ya Sabasaba, Hamis alilipeleka gari Ujiji kuwaringia ndugu zake. Njiani jiwe likalegeza maungio ya paipu na mafuta yakavuja hadi tone la mwisho. Kule Ujiji mtu mmoja akakaza maungio, wakachuja mawese kwa kanga, wakajaza, wakapampu hadi pedali ikapanda. Ziwani kuna joto, mawese ni maji. Gari likasimama vizuri. Akarudi Kasulu mchana wa jua kali, bado linasimama. Akaufunga waya kama alivyoukuta, akanyamaza, kwa sababu alikuwa amekwisha kuwatangazia watu barazani kwamba yeye sasa ni dereva na fundi pia. Haya nilielezwa baadaye na dada yake, Mwajabu, mtu pekee mwenye haya katika nyumba ile.

Kila anayepika huku kwetu anajua kwamba asubuhi za mwezi wa saba mawese huganda ndani ya chupa, hayatoki mpaka uiweke kando ya jiko. Hamis alizaliwa hapa. Alikula mawese hayo maisha yake yote. Lakini hakuwahi kushika chupa. Alizoea kuletewa sahani.

Usiku wa kuamkia Sabasaba gari lililala Heru Juu, nje, katika ukungu. Asubuhi watu walijaa wamejifunga mablanketi. Melkiadi akaja na mkewe, kitenge safi, bakuli mkononi.

"Limekwenda Ujiji," alisema. "Halishuki kabla sijalishusha mwenyewe."

"Fundi anatafuta lifti!" mtu akapaza sauti, na watu wakacheka.

Melkiadi akainua boneti, akaugusa waya kwa kidole. Akaingia, akakanyaga pedali. Ilikuwa kama anakanyaga mwamba.

"Ulifungua kile kikombe?"

"Nifungue ya nini?" Hamis alijibu. "Pedali ngumu namna hiyo, si ndizo breki kali ulizonifungia?"

"Ngumu ndiyo nzuri!" wakadakia wajuaji.

Melkiadi alilikubali jibu hilo. Alikuwa mtu wa zamani; aliamini kwamba mtu mzima akiulizwa jambo la roho za watu atasema kweli. Mimi nilisimama karibu na boneti, na nilisikia harufu ya mawese. Nikadhani inatoka kwa mwanamke aliyekuwa anakaanga mihogo nyuma yetu.

Hamis, ambaye alijua, alimfungulia Mama Sylvesta mlango. "Karibu, mama," alisema.

Wakashuka. Kona ya kwanza Melkiadi akakanyaga kama kawaida yake, na gari likaendelea kama halikuambiwa kitu. Tulimwona akirudisha gia, tukasikia breki ya mkono ikilia. Kasi ikapungua, haikutosha. Kulia ni bonde. Kushoto ni ukuta wa mlima, na kushoto ndiko alikokaa mkewe. Hakuwa na upande wa tatu. Akachagua kushoto.

Tulipofika, Mama Sylvesta alikuwa amevunjika paja. Maziwa yalikuwa kwenye kioo, kwenye nywele zake, kila mahali.

"Breki za Melkiadi hizo!" mtu alisema nyuma yangu.

Tulimlaza mkewe kwenye blanketi. Ndipo Melkiadi akafungua boneti, akakata waya, akatia kidole ndani ya kikombe. Kilitoka na donge jekundu, zito. Alimnyooshea Hamis kidole hicho.

"Mafuta ni mafuta," Hamis alisema. "Ujiji lilisimama."

Mama Sylvesta akapelekwa hospitali kwa gari la misheni. Na mashindano? Yaliendelea. Walisukuma lile jekundu kando lisizibe njia, magari manne yakashuka, watu wakapiga makofi, Hamis akiwa miongoni mwao. Jioni mji mzima ulisema breki za Melkiadi zimemvunja mkewe mwenyewe. Donge lile nililiona mimi na wengine kumi, lakini habari ya fundi kumuumiza mkewe ilikuwa tamu zaidi.

Mguu uliunga vibaya. Melkiadi hakumpakia tena mkewe garini, na kwa sababu hakumpakia, hakukubali tena kazi. Gari la kwanza lililoletwa alilirudisha, na la pili. Nilimwambia ajaribu peke yake. "Peke yangu nitajuaje?" alinijibu. Mwaka uliofuata walifunga banda wakahamia Gwarama kulima. Hamis alifungua duka la vipuri, na akaitwa mtaalamu.

Mara ya mwisho niliwaona mwaka 1979, nikiwa juu ya lori la maharage. Walikuwa wanateremka kilima cha Gwarama kwa miguu, mvua imetoka kunyesha. Yeye ametangulia hatua moja, upande wa chini, na mkewe ameweka mkono begani mwake. Penye utelezi Melkiadi alisimama kwanza, akakita miguu, akangoja.

"Haya," nilimsikia Mama Sylvesta akisema, na wakashuka hatua nyingine.

Dereva wetu akapiga honi. Hawakugeuka.